Kamati ya Kuuliza: Habari za Nyumba za Wapangaji wa Haringey

Mhariri wa gazeti letu aliponitaka niandike jambo moja katika yale tunayojifunza katika Uraia, wenzangu wa bwenini walidhani nitaandika habari za Bunge au za Katiba, kwa kuwa ndizo zinazopendwa na watunga mitihani. Mimi nimechagua jambo lililo chini ya hayo, nalo ni halmashauri ya mji na nyumba za wapangaji wake. Nataka kueleza jinsi madiwani wanavyoweza kuihoji halmashauri yao wenyewe inapokusudia kubomoa nyumba za watu wa kipato kidogo na kujenga nyingine, na jinsi wanavyouliza habari za msaada watakaopata watu hao. Msomaji akiona jambo hili ni kavu, namwomba avumilie kidogo. Hata mimi mwanzoni nililiona hivyo.

Sababu ya kulichagua ni bibi yangu, mzaa mama. Alikaa miaka 26 katika nyumba ya halmashauri ya mji mmoja, ambao sitautaja jina. Nilipokuwa darasa la tatu ilibandikwa karatasi katika kila mlango wa mtaa ule, kwamba nyumba ni chakavu na zitabomolewa, na wapangaji wahame. Ukafanyika mkutano chini ya mwembe, na bwana mmoja kutoka ofisini akawaambia kuwa nyumba mpya zikiisha wao ndio watakaopewa kwanza. Watu walipiga makofi. Bibi akahamia kwa mjomba wangu, katika chumba ambacho hulala yeye na binamu zangu watatu, na mpaka leo yumo humo. Stakabadhi zake zote za kodi amezihifadhi katika mkebe wa biskuti. Likizo iliyopita nilimwuliza, “Bibi, ile ahadi iliandikwa wapi?” Akacheka, akasema, “Mume wangu, ile ilisemwa katika kipaza sauti.”

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa Uraia jambo hili. Hakunijibu papo hapo. Baada ya juma moja aliniletea habari za halmashauri iitwayo Haringey, iliyo kaskazini mwa London, akaniambia nisome kwanza halafu tuzungumze. Si kwamba London ni kama kwetu. La, mambo mengi ni tofauti sana. Ila shauri lile limeandikwa lote, tangu mwanzo wake mpaka mwisho, na mwanafunzi aweza kulifuata hatua kwa hatua, na kuona ni nani aliyeuliza na ni nani aliyejibu.

Yapasa kwanza tujue kuwa jiji la London lina halmashauri 32, mbali na ile ya mji wa kale ulio katikati. Halmashauri hizo zilianza kazi mwaka 1965. Haringey ni mojawapo, na ndani yake mna Tottenham na Wood Green. Ina madiwani 57, nao huchaguliwa kila miaka minne. Halmashauri za Uingereza hujenga nyumba na kuzipangisha kwa kodi ndogo, na desturi hiyo ni ya zamani. Mtaa mmoja mashuhuri wa namna hiyo ni Boundary Estate, mashariki mwa London, uliofunguliwa rasmi mwaka 1900. Ulijengwa mahali palipokuwa na vibanda vya maskini, wakaondolewa watu zaidi ya 5,700. Nyumba mpya zilikuwa nzuri, za matofali, zenye bustani katikati. Lakini wanahistoria husimulia kuwa katika wale walioondolewa ni 11 tu waliopata kuingia humo. Wengine kodi iliwashinda, wakaenda kusongamana katika mitaa ya jirani. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwa muda, maana nilimkumbuka Bibi.

Basi, swali la nani atakayerudi si jipya. Lililo jipya ni namna ya kuliuliza. Hapo zamani, katika Uingereza, mambo ya halmashauri yaliamuliwa katika kamati ambazo madiwani wote walikuwamo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2000 ikabadili utaratibu huo katika halmashauri nyingi. Tangu hapo, madiwani wachache, wasiozidi 10 pamoja na kiongozi wao, huwa kamati tendaji yenye kuamua mambo makubwa. Waliobaki si watu wa kukaa kimya. Sheria hiyo hiyo iliagiza ziundwe kamati za uchunguzi. Diwani aliye katika kamati tendaji haruhusiwi kuwa katika kamati ya uchunguzi, maana mtu hawezi kujisahihishia mtihani wake mwenyewe. (Sisi wanafunzi twalijua hilo vizuri.)

Kamati ya uchunguzi yaweza kumwita mkuu wa idara aje ajibu maswali, yaweza kuwaalika wataalamu na wapangaji watoe maelezo, na yaweza kuandika mapendekezo, ambayo kamati tendaji yapaswa kuyajibu katika muda wa miezi miwili. Tena uamuzi ukiwa umekwisha tolewa lakini haujatekelezwa, wachunguzi waweza kuurudisha ukafikiriwe upya. Jambo moja tu hawawezi: hawawezi kuufuta. Nilipoyasoma hayo nilimwambia mwalimu kwamba kamati ya namna hiyo ni mbwa asiye na meno. Naye akasema, “Soma mpaka mwisho.”

Katika miaka ile Haringey ilikuwa katika shida ya kweli, na ni haki tuieleze. Maelfu ya familia yalikuwa yakingoja nyumba, na maelfu mengine yalikuwa katika nyumba za muda zinazolipiwa na halmashauri. Fedha kutoka Serikali Kuu zilikuwa zimepunguzwa sana tangu mwaka 2010. Aidha Serikali ilikuwa imeweka mpaka wa mkopo ambao halmashauri ingeweza kuchukua kwa ajili ya nyumba, na mpaka huo haukuondolewa mpaka Oktoba 2018. Ardhi ilikuwapo, lakini fedha ya kujengea hapakuwa. Viongozi wakafikiri njia hii: halmashauri itoe ardhi na majengo yake, kampuni ya watu binafsi itoe fedha na ujuzi, na wote wawili waanzishe kampuni moja ya ubia, kila upande nusu kwa nusu. Mpango ulikuwa wa miaka 20, wa thamani ya pauni bilioni 2, wa kujenga nyumba zaidi ya 6,000. Mitaa kadhaa ya wapangaji, pamoja na Northumberland Park huko Tottenham, ingebomolewa. Kampuni iliyochaguliwa ni Lendlease, yenye asili ya Australia.

Mimi siwezi kusema kuwa viongozi wale walikuwa watu wabaya. Mtu mwenye shamba asiye na jembe hushawishika kirahisi kushirikiana na mwenye jembe. Lakini maswali yalikuwapo, na kamati ya uchunguzi ya nyumba ikaanza kuyauliza. Wengi wa wajumbe wake walikuwa wa chama cha Labour, yaani chama kile kile kilichoshika uongozi wa halmashauri. Hilo nalihesabu kuwa jambo kubwa, kwani kumwuliza mpinzani wako ni rahisi kuliko kumwuliza ndugu yako.

Nitaeleza maswali mawili kwa kirefu kidogo, maana ndiyo yaliyonifundisha zaidi.

Swali moja lahusu neno “nafuu”. Katika Uingereza, tangu mwaka 2011, nyumba yaweza kuhesabiwa kuwa ya kodi nafuu hata ikiwa kodi yake yafikia asilimia 80 ya kodi ya soko. Nyumba ya kawaida ya halmashauri huwa na kodi iliyo chini sana ya hapo, na katika mitaa mingi ya London haifiki nusu ya kodi ya soko. Hebu tufanye hesabu kwa mfano wa kubuni. Tuseme nyumba ya vyumba viwili hupangishwa katika soko kwa pauni 1,500 kwa mwezi. Asilimia 80 yake ni pauni 1,200. Tuseme jirani, aliyepangishwa na halmashauri, hulipa pauni 500. Nyumba zote mbili zaweza kuandikwa katika taarifa moja kuwa ni nafuu, na hali tofauti yake ni pauni 700 kwa mwezi, yaani pauni 8,400 kwa mwaka. Kwa hiyo diwani akiambiwa kuwa nyumba kadha wa kadha zitakuwa nafuu, yafaa aulize upesi: nafuu kwa nani, na kwa shilingi ngapi? Wapinzani wa mpango walitaja mfano wa Heygate, mtaa wa halmashauri ya Southwark uliokwisha kujengwa mwaka 1974 na baadaye ukabomolewa. Ulikuwa na nyumba zaidi ya 1,000. Mpango wa mahali pale ulioidhinishwa mwaka 2013 ulikuwa na maelfu ya nyumba mpya, lakini za kodi ya chini kama ile ya halmashauri hazikufika 100. Kampuni iliyojenga huko ilikuwa hiyo hiyo ya Haringey.

Swali la pili ni la kurudi, na la msaada katika kuhama. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 juu ya fidia yasema kuwa mpangaji aliyekaa mwaka mmoja au zaidi, akilazimishwa kuhama kwa sababu ya kubomolewa, hulipwa kiasi maalumu kwa kupoteza makazi, mbali na gharama za kuhamisha vyombo. Kuanzia Oktoba 2017 kiasi hicho kilikuwa pauni 6,100 kwa kila kaya. Fedha hiyo ni ya kisheria, hapana mtu wa kuikataa. Lakini fedha si nyumba. Wapangaji walitaka kujua kama watarudi mtaani kwao, tena kwa kodi ile ile na kwa usalama ule ule wa upangaji. Na iwapo kampuni ya ubia ndiyo itakayokuwa mwenye nyumba, je, ahadi ya halmashauri itaifunga kampuni hiyo? Mpangaji aliyeahidiwa na mtu mmoja, kisha akakuta mlango umeshikwa na mtu mwingine, atamwendea nani?

Mnamo Januari 2017 kamati ya uchunguzi ilitoa taarifa yake. Ilisema kuwa hatari kwa halmashauri ni kubwa, na usimamizi wa kampuni ile ya ubia haujaelezwa vya kutosha, na ikashauri mpango usimamishwe kwanza mpaka uchunguzi zaidi ufanyike. Kamati tendaji haikukubali kusimama. Mwezi uliofuata ilichagua kampuni iliyopendelea, na tarehe 3 Julai 2017 ikaidhinisha mpango wenyewe. Siku 19 tu kabla ya mkutano huo ilikuwa imetokea ajali ya moto wa Grenfell Tower, katika halmashauri nyingine ya London, ambako watu 72 walikufa, na ambako baadhi ya wakazi walikuwa wametoa maonyo juu ya usalama wa jengo kwa miaka mingi bila kusikilizwa. Habari hiyo ilikuwa katika mioyo ya watu wote waliosimama nje ya ukumbi wa Haringey jioni ile. Wachunguzi wakatumia haki yao ya kuurudisha uamuzi. Kamati tendaji ikaufikiri tena mwezi huo huo, ikashikilia pale pale.

Mkazi mmoja akaenda Mahakama Kuu. Februari 2018 jaji alikataa maombi yake, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba lile dai la kuwa wakazi hawakuulizwa maoni lililetwa kwa kuchelewa. Hapo wanafunzi wenzangu niliowasimulia walisema, “Basi, yamekwisha.” Nami nilidhani hivyo.

Lakini taarifa ya Januari ilikuwa imeandikwa, na kila mtu aliweza kuisoma. Aliyekuwa akisema mtaani kuwa mpango una hatari hakuweza tena kuitwa mzushi, maana angeonyesha karatasi ya halmashauri yenyewe. Wabunge wawili wa maeneo hayo, wa chama hicho hicho, walitaka mpango usimame. Mwisho wa mwaka 2017, chama kilipowachagua watu wa kugombea udiwani, baadhi ya waliounga mkono mpango walikosa nafasi au walijitoa. Januari 2018 kiongozi wa halmashauri, Claire Kober, alitangaza kuwa hatagombea tena. Alisema kuwa ametendewa vibaya na kutishwa, na jambo hilo pia lastahili kuandikwa, kwani kuuliza swali si ruhusa ya kumtukana mtu. Uchaguzi ukafanyika tarehe 3 Mei 2018. Mwezi Julai mwaka huo kamati tendaji mpya ikaamua kuuacha mpango ule, ikajiwekea lengo la kujenga nyumba 1,000 za halmashauri.

Nilimrudia mwalimu, nikamwambia kuwa mbwa alikuwa na meno. Akasema hapana, mbwa alibweka, na waliokuwa wamelala ndio walioamka. Kisha akaniuliza kama zile nyumba 1,000 zilijengwa kwa wakati. Nikaona kwamba sikufikiri hilo. Nilikuwa nimefurahia ushindi nikasahau wale waliokuwa katika nyumba za muda, ambao kwao kila mwaka wa mabishano ulikuwa mwaka mwingine wa kulala kwa watu. Kusema kweli nyumba hazijengwi na taarifa. Lengo la baadaye la halmashauri ile ni nyumba 3,000 ifikapo mwaka 2031, nalo pia litahitaji kamati ya kuuliza, sawa na lile la kwanza.

Sasa niseme machache juu ya kwetu. Halmashauri zetu Tanzania ziko chini ya sheria mbili za mwaka 1982, Namba 7 kwa wilaya na Namba 8 kwa miji. Kwetu hapana kamati tendaji iliyotengwa na madiwani wengine. Madiwani hukaa katika kamati za kudumu, kama ile ya fedha, kisha mambo hufika mbele ya baraza zima, ambalo hukutana angalau kila miezi mitatu. Hesabu hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, na Bunge lina kamati yake ya hesabu za serikali za mitaa. Utaratibu wetu una wema wake, kwani diwani wa kata ya mbali naye ana sauti katika uamuzi. Upungufu niuonao mimi, nami ni mwanafunzi tu, ni kwamba wanaoamua na wanaouliza ni watu wale wale, katika kikao kile kile, na mara nyingi ajenda ni ndefu na siku ni fupi. Mkaguzi huuliza fedha imekwenda wapi. Swali la kwamba mpangaji wa chumba namba fulani amekwenda wapi laweza kupita bila mtu kuliuliza.

Mikutano ya kawaida ya baraza huwa wazi kwa wananchi. Hilo nililisoma kidato cha pili, nikalijibu katika mtihani nikapata alama, lakini halikunijia kamwe kwamba Bibi naye ni mwananchi. Mwananchi huketi kusikiliza, na swali hupelekwa na diwani wake. Kwa hiyo tumemwandikia diwani barua, mimi nikiandika na Bibi akisema kwa simu ya mjomba. Tumeuliza kama orodha ya wapangaji wa zamani ipo na imehifadhiwa wapi; kama ahadi ya kurudi imeandikwa katika muhtasari wa kikao chochote, na cha tarehe gani; na kodi ya nyumba mpya itakuwa shilingi ngapi kwa mwezi. Bibi alitaka tuongeze kuwa mwembe ule ulikatwa bila sababu. Nilisita, halafu nikauandika.

Baraza litakutana juma la pili la likizo. Nilimshauri Bibi tutoe nakala za stakabadhi zake, ili zile zenyewe zibaki nyumbani salama, na mimi niende nazo. Amekataa. Amesema mkebe ataubeba mwenyewe, na ameniuliza kama ukumbini mna viti.